Goma: Mwenye nyumba ajue bei ya nyumba yake mbele ya kuiuza

Kwenye kartiye Ndosho, upande wa magharibi wa mji wa Goma, komisioneri alifika kwenye nyumba moja Jumamosi mbele ya saa moja ya asubuhi. Mwenye nyumba, mama mjane wa watoto wanne, alikuwa tayari kwenye cherehani yake karibu na mlango, anashona nguo za wanafunzi. Komisioneri hakutaka kukaa.

"Mama, mnunuzi amepatikana. Yuko na dola 6,500 mkononi. Ukiitika leo, kesho unahesabu feza yako. Lakini hatangoja, kuna parsele zingine."

Ilikuwa mwaka wa 2024. Tangu mwezi wa pili, vita vilipokaribia Sake, watu walikuwa wanaingia Goma kwa miguu na godoro kichwani. Mdogo wake mama huyo alikuwa kati yao. Alifika na bibi yake, watoto sita na chukudu moja iliyobeba sufuria na mfuko wa maharagi. Wote walipokelewa kwenye vyumba vya nyuma. Juu ya hayo kulikuwa deni la dola 1,400 lililobaki tangu mume alipolazwa hospitalini mbele ya kufa. Mkopeshaji alikuwa anapita kila Ijumaa jioni. Hiyo Ijumaa pia alikuwa amepita, na aliondoka akisema kwamba uvumilivu wake umefika mwisho.

Kwa mtu anayehesabu noti za franka 500, dola 6,500 ni feza nyingi sana. Lakini mama hakujibu, kwa sababu kichwani mwake kulikuwa hesabu ingine. Marehemu alikuwa na daftari ambamo aliandika kila mfuko wa simenti, kila bati na kila siku ya fundi. Mara nyingi alisema: "Hii nyumba imekula elfu kumi na nane." Watoto walikua wakisikia hiyo elfu kumi na nane kama watu wanavyosikia jina la babu yao.

Kwa hiyo bei zilikuwa mbili: 6,500 ya mnunuzi na 18,000 ya marehemu. Hakuna mtu kwenye ile parsele aliyejua kama kati yake kulikuwa bei ya kweli.

Jirani mmoja, fundi wa kujenga ambaye nywele zimekwisha kuwa nyeupe, alisikia habari hiyo kwenye robine ya maji. Alimwambia mama neno moja tu: "Usijibu kwanza. Lete mtu apime."

Kupima anakosema fundi ni kazi ambayo Wafaransa wanaita ekspertizi: mtaalamu anakuja kuangalia nyumba, udongo na hati, kisha anaandika kwenye karatasi bei inayoweza kupatikana sokoni. Kwa watu wengi wa Goma hiyo ni kazi ya matajiri wa Himbi, ama ya wale wanaoomba mkopo benki. Mama naye alifikiri hivyo. Mtaalamu alipomwomba dola 130, karibu aache. Zamu yake ya likelemba na akina mama wenzake washonaji ndiyo iliyomsaidia, na alilipa akiwa na hofu kwamba anatupa feza ya chakula.

Binti yake mkubwa, mwanafunzi wa chuo, aliuliza swali ambalo kila mwenye nyumba anapashwa kuuliza: kwa nini tusiamini komisioneri? Yeye pia anajua bei za mtaa.

Fundi alimjibu vizuri. Komisioneri anakula pale nyumba inapouzwa. Isipouzwa, hakuna anachopata. Hata kama ni mtu mwema, faida yake ni kwamba mambo yamalizike mbio, na dola elfu moja zaidi kwa mwenye nyumba zinamwongezea yeye feza kidogo tu. Mtaalamu wa kupima anapashwa kulipwa bei moja iliyosemwa mbele ya kazi kuanza, nyumba iuzwe ama isiuzwe. Mtaalamu akisema atalipwa kwa asilimia ya bei atakayoiandika, ako na sababu ya kupandisha. Akiletwa na mnunuzi, ako na sababu ya kushusha. Na akitoa bei kwa mdomo, bila karatasi yenye tarehe, sahihi na maelezo ya hesabu, hakuna tofauti kati yake na mtu wa barabarani.

Mtaalamu alifika siku ya Jumatano na kijana mmoja wa kushika mita. Watu walitazamia ataanza na kuta. Yeye aliomba kiti, akaomba hati.

Mama alileta bahasha ya plastiki. Ndani kulikuwa karatasi ya mauzo ya mwaka wa 2009, yenye sahihi za mashahidi, na fishi ya parsele yenye jina la marehemu. Basi.

"Sertifika iko wapi, mama?"

"Hatukuwahi kuitafuta, papa. Feza ilikuwa inaingia kwenye simenti."

Mtaalamu aliandika. Kisha alieleza pole pole, huku watoto wa Sake wakiwa wamesimama kumzunguka. Kwa sheria ya Congo ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, iliyorekebishwa mwaka wa 1980, udongo wote ni mali ya serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na Mcongomani anaweza kupewa haki hiyo bila mwisho. Lakini hati inayosimamisha haki hiyo mbele ya sheria ni sertifika ya kuandikishwa, inayotolewa na mwangalizi wa hati za mali zisizohamishika. Miaka miwili ikipita tangu itolewe, ni vigumu sana mtu kuiangusha. Fishi inaonyesha kwamba mtu anajulikana kwenye kartiye. Inasaidia, lakini haifiki hapo. Ndiyo maana parsele mbili zinazofuatana kwenye avenyu moja, zenye nyumba zinazofanana, zinaweza kuwa na bei mbili mbalimbali. Mnunuzi anayelipia fishi anajua kwamba njia ya kadasta, ya mkataba na ya kuthibitisha kwamba parsele imejengwa itakuwa juu yake, na anatoa gharama hiyo kwenye bei.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. "Fishi iko kwa jina la marehemu. Nani ataweka sahihi?"

Mama aliinamisha kichwa. Kaka mkubwa wa marehemu alikuwa amesema mara mbili kwamba nyumba ni ya ukoo na kwamba yeye ndiye atakayeiuza. Mtaalamu si mwanasheria, aliwatuma kwa avoka anayesaidia watu bila malipo. Huko walielezwa kwamba sheria ya familia ya mwaka wa 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inaweka watoto kuwa warithi wa kwanza, na inampa mjane haki ya kukaa kwenye nyumba waliyoishi na mume wake. Shemeji hawezi kuuza peke yake. Lakini mama pia hawezi. Na kwa kuwa watoto wawili walikuwa wangali wadogo, kuuza nyumba nzima kungeomba njia ndefu kuliko ile ya komisioneri ya "kesho unahesabu feza yako". Mnunuzi wa haraka angelipa, na siku moja mtoto mmoja angekua na kuuliza. Kesi za namna hiyo ziko nyingi, na nyumba iliyo kwenye kesi haina bei.

Tena kwenye parsele, kijana alitandika mita. Fishi ilisema mita 15 kwa 25. Upande wa barabara mita ilisoma 13 na sentimita 40. Walipima mara ya pili, mara ya tatu. Mita 1 na sentimita 60 hazikuwepo.

Ukuta wa jirani wa upande wa kushoto ulijengwa wakati marehemu alikuwa mgonjwa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kupima siku zile. Jiwe la mpaka lilikutwa ndani ya kiwanja cha jirani, chini ya matete. Mara sentimita 160 kwa urefu wa mita 25, zilikuwa mita 40 za mraba zilizohama bila kelele.

Watu wa katikati ya mji wanajua zaidi habari ya mipaka inayopotea. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 lava ya Nyiragongo ilipita ndani ya Goma mpaka ziwa Kivu, ikafunika nyumba pamoja na mawe ya mipaka. Watu walirudi kujenga juu ya mawe meusi, na wengi walipashwa kukumbuka parsele kwa kuangalia kona ya ukuta ama jirani aliyebaki hai. Ndosho haikuhitaji volkano. Ugonjwa wa baba mmoja ulitosha.

Kisha mtaalamu aliingia ndani. Hakuangalia mapazia wala makochi, ambayo mama alikuwa amefua tangu juzi. Aligonga kuta, akapanda kuangalia mbao za paa, akahesabu mabati yenye kutu, akauliza mwaka wa kila kitu. Vyumba viwili vya mbele ni vya matofali ya simenti, vilijengwa mwaka wa 2015. Vitatu vya nyuma ni vya mbao juu ya msingi wa mawe. Alitazama choo, na alikitazama sana, kwa kuwa Goma kuchimba shimo kwenye lava ni kazi ya wiki nyingi na shimo zuri lina bei. Alitazama tanki la mvua, akauliza kama gari linafika mlangoni na robine ya maji iko umbali gani.

Karatasi ilifika baada ya siku tisa. Ilikuwa na kurasa sita na picha, na mtaalamu alirudi mwenyewe kuisoma na familia, jambo ambalo mwenye nyumba anapashwa kuliomba tangu mwanzo.

Hesabu ya kwanza ilitenga udongo na nyumba. Kwa udongo, alitafuta parsele tatu zilizouzwa kweli kwenye avenyu za karibu, zenye fishi, na alichukua bei iliyolipwa. Bei inayoombwa na mwenye kuuza hakuiangalia. Alipata dola 16 kwa mita moja ya mraba. Mita 335 zilizokuwepo zikawa dola 5,360. Kwa vyumba vya simenti alihesabu ingegharimu kiasi gani kuvijenga leo, dola 5,280, kisha akaondoa sehemu ya tano kwa ajili ya uzee, zikabaki 4,224. Vyumba vya mbao vingejengwa kwa 1,260, lakini nusu yake ilikuwa imekwisha kuliwa na miaka, zikabaki 630. Choo, tanki na uzio vilipewa 450. Jumla, dola 10,664.

Hesabu ya pili ilipita njia ya kodi. Nyumba nzima ingepangishwa dola 90 kwa mwezi, maana yake 1,080 kwa mwaka. Ukitoa marekebisho na miezi ambayo nyumba inalala bila mpangaji, zinabaki 900. Kwenye mtaa ule mnunuzi anaitika kungoja miaka karibu 11 ili feza yake irudi. Hiyo ilitoa dola 9,900.

Hesabu mbili zilizopita njia mbalimbali zilikuwa zimekutana karibu. Mtaalamu aliandika dola 10,300. Chini yake aliandika bei ingine: 7,200, bei ya mtu anayelazimishwa kuuza ndani ya siku chache.

Mama alinyamaza muda mrefu. Aliyesema kwanza ni binti, na sauti yake ilikuwa ya hasira: "Na elfu kumi na nane ya papa?"

Mtaalamu aliomba daftari. Alilifungua kwa heshima, akaonyesha na kidole. Paa lilinunuliwa mara mbili, kwani la kwanza liling'olewa na upepo. Msingi ulianzishwa, ukavunjwa, ukaanzishwa tena. Mlinzi wa simenti alilipwa miezi mitano. Mchanga ulipandishwa kwa mgongo mwaka ambao barabara iliharibika. "Baba yenu alilipa hizo feza zote, hakudanganya. Lakini mnunuzi hanunui mateso mliyoyapata. Ananunua kile anachokikuta."

Hapo ndipo watu wengi wanaikataa karatasi. Wanailipa wakitaka iseme ile bei wanayoipenda, na isipoisema wanatafuta mtu mwingine atakayeisema. Lakini karatasi inayompendeza mwenyewe haimsaidii mbele ya mnunuzi, wala mbele ya kooperative ya mikopo, wala mbele ya tribinali. Kama ile ya Ndosho ingeandika 18,000, komisioneri angecheka na kurudi na 6,500 yake. Iliandika 10,300, na kila hesabu ilikuwa wazi.

Komisioneri aliporudi, mama alimpa kiti na kumwonyesha ukurasa wa mwisho. Aliusoma, akajaribu tena. Alikumbusha mabomu yaliyoanguka tarehe 3 mwezi wa tano kwenye kambi za watu waliokimbia vita, upande wa Mugunga na Lac Vert, karibu kabisa na Ndosho. Alikumbusha volkano ya mwezi wa tano 2021, siku ambazo watu wengi sana wa mji walikimbia. "Nani atalipa elfu kumi hapa, mama?"

Binti alikuwa amelijiandalia swali hilo na mtaalamu. Zile parsele tatu za kulinganisha ziliuzwa mwezi wa sita na wa saba, nyuma ya mabomu. Wale walionunua walikuwa na hofu ileile, na hofu yao iko tayari ndani ya zile dola 16. Mnunuzi hawezi kuitoa mara ya pili. Komisioneri aliondoka bila kuaga vizuri. Baadaye fundi alileta habari kwamba mnunuzi wa dola 6,500 ni mtoto wa ndugu ya mkopeshaji. Aliyejua ukubwa wa deni ndiye aliyekuwa amepanga bei.

Karatasi ilifanya kazi ingine ambayo hakuna aliyeitazamia. Shemeji alipoitwa kwenye baraza la familia, alikuja na vita. Yeye pia tangu zamani alikuwa ameshika ile 18,000, na kichwani mwake sehemu yake ilikuwa kubwa. Alisikia 10,300, akasikia deni, akasikia maneno ya avoka juu ya watoto, akauliza kama kuna chai. Siku hiyo hakukuwa amani ya kukumbatiana, lakini aliweka sahihi kwenye yale yaliyofuata.

Yaliyofuata ni ukuta. Shefu wa kartiye aliita pande mbili mbele ya jiwe la mpaka. Jirani alikana asubuhi, na saa sita ya mchana aliitika. Kubomoa ukuta kungemgharimu sana. Karatasi ilionyesha kwamba mita 40 kwa dola 16 ni dola 640. Walikatana kwa 600: dola 400 siku ileile, 200 mwezi uliofuata, na maandishi yenye sahihi za mama, za binti mkubwa, za shemeji kwa baraza la familia na za mashahidi wa mtaa. Kwa kuwa bei ya 10,300 ilikuwa imehesabiwa juu ya mita 335 tu, nyumba haikupoteza kitu.

Zile 600 zilienda kwa mkopeshaji. Vyumba viwili vya mbele vilipangishwa kwa mwalimu na bibi yake kwa dola 70, na walilipa miezi sita kwa mara moja: dola 420, nazo zikaenda kulekule. Zilibaki 380, zilizoandikwa kulipwa dola 40 kwa mwezi mbele ya shefu. Mkopeshaji aliweka sahihi akiwa amekunja uso.

Hivi nyumba haikuuzwa. Lakini vyumba vizuri ambavyo marehemu alijenga vina watu wengine, na watu 13 wanalala kwenye vyumba vitatu vya mbao. Cherehani imehamia chini ya paa la jikoni. Mvua ikinyesha na upepo, mama anafunika nguo za wanafunzi na hema na kungoja. Majirani wengine wanasema angeuza tu. Yeye anajibu kwamba sasa akitaka kuuza atauza, bei anaijua.

Mdogo wake wa Sake alikuwa amefuata mambo haya yote akiwa amekaa kimya kwenye kizingiti. Naye alikuwa na shida yake. Mwanaume mmoja anayezunguka kati ya watu waliokimbia alimwahidi dola 1,500 kwa parsele yake ya Sake, nyumba ndani, bila kufika kuiona. Kwa watu wengi waliokimbia hiyo ni habari wanayoijua. Anayenunua hivyo anacheza mchezo wa kungoja: vita vikiisha, amepata nyumba kwa bei ya pikipiki.

Alimfuata mtaalamu mpaka barabarani. "Papa, na mimi unipimie. Nitakueleza kila kitu."

Mtaalamu alikataa. Nyumba asiyoiona hawezi kuiwekea bei na sahihi, na anayefanya hivyo anauza karatasi bure. Lakini alimwambia kwamba kuna kazi ambayo mwenyewe anaweza kuifanya sasa, akili ingali inakumbuka, ili siku moja mtaalamu, ama hakimu, ama mtu wa kulipa hasara awe na pa kuanzia.

Basi alinunua daftari la kurasa 48. Alichora parsele, na barabara, na majirani wanne, kila mmoja na jina lake. Aliandika vipimo jinsi alivyovikumbuka: hatua 22 kwa 30. Aliandika mwaka wa kununua, bei, jina la aliyemuuzia na mashahidi waliobaki hai. Aliandika vyumba, milango mitatu ya mbao ngumu, madirisha matano, mabati 42, miti miwili ya avoka, mgomba, shimo la choo la mita sita. Bibi yake alimkumbusha jiko la nje. Mtoto wake wa pili alipata kwenye simu picha ya sikukuu ya ubatizo, ambapo nyuma ya keki ukuta na paa vinaonekana vizuri. Picha hiyo ilitumwa kwenye simu tatu za ndugu, ili moja ikiibwa zingine zibaki. Karatasi ya mauzo, iliyokimbia pamoja nao ndani ya mfuko wa maharagi, ilipigwa picha mbele na nyuma.

Kisha alienda kwa miguu mpaka kambi ya Bulengo, walikokuwa majirani wake watatu wa avenyu moja ya Sake. Walisoma, wakasahihisha mahali pawili, wakaweka sahihi na alama za vidole. Mmoja wao alisema jioni ile alikuwa ameahidiwa dola 900 na mwanaume yuleyule. Aliomba kalamu, na yeye akaanza daftari lake.

Katiba ya Congo ya mwaka wa 2006, kwenye kifungu cha 34, inalinda mali ya mtu, na inasema hata serikali haiwezi kuichukua isipokuwa kwa faida ya watu wote, na kwa malipo ya haki yanayotolewa kwanza. Aliyekimbia vita hakuiacha haki yake njiani. Lakini haki isiyo na maandishi inachosha kuitetea, na mashahidi wanakufa ama wanatawanyika.

Ile 1,500 hakuichukua. Hakuna siku inayopita bila bibi yake kuuliza kama alifanya vizuri, hasa siku ambazo chakula ni mara moja. Hana jibu la kumpa.

Mwezi uliopita alipokea simu kutoka kwa mtu aliyepita Sake. Nyumba ingali imesimama. Mabati yameng'olewa yote. Aliuliza tarehe, akauliza jina la aliyeona. Kisha alifungua daftari kwenye ukurasa wa mabati 42. Hakufuta kitu. Pembeni aliandika: "Yamechukuliwa," akaweka tarehe, jina la shahidi, na sahihi yake.